Kambi ya mgeni: nani anahesabu askari, nani analipa?

(Maneno yaliyosomwa kwa jina la kundi letu mbele ya wanamemba na wageni. Tunayaweka hapa kwa ombi la wale ambao hawakupata njia ya kufika.)

Asanteni kwa wale waliofunga kazi yao mapema leo, maana tunajua siku moja bila kazi ni siku moja bila chakula.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analifahamu. Ukienda kutafuta nyumba ya kupanga mjini, mwenye nyumba anakuuliza nini? Mko wangapi? Utalipa ngapi kwa mwezi? Garanti ya miezi mingapi? Maji na umeme ni juu ya nani? Utakaa mpaka lini? Na wewe pia, ukiwa na akili, kabla ya kutoa feza yako unauliza majirani: huyu anayenipangisha, njo mwenye nyumba kweli? Au ni mtoto wa mwenye nyumba, anayepangisha wakati baba yake yuko safarini?

Haya maulizo tunayauliza kwa ajili ya chumba kimoja cha mabati. Lakini askari wa inchi nyingine wakija kukaa kwetu na silaha, hatuulizi. Tunapiga makofi siku wanafika, tunapiga mawe siku tumechoka nao. Kati ya siku hizo mbili, hakuna mwenye kujua walikuwa wangapi, walikuwa wanalipwa na nani, na ni nani alitia sahihi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya hesabu hiyo. Sababu tunayo. Tangu mwaka 2025 tunasikia neno "madini kwa usalama". Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington tarehe 27 Juni 2025, na Marekani wakiwa katikati. Kila mtu mtaani anasema lake. Wengine wanasema Wamarekani watakuja na askari, wengine wanasema watakuja na makampuni tu. Sisi hatukuja kutabiri. Tunasema hivi: kama siku moja inchi yoyote, iwe ya mbali au ya jirani, itaomba kuweka kambi kwetu, sisi raia tuwe tumekwisha kujua maulizo ya kuuliza. Kuuliza baada ya sahihi ni kulia tu.

Kwanza, historia yetu wenyewe

Wengi wetu tulijifunza tarehe 30 Juni 1960 shuleni. Tarehe 29 Juni hatukufundishwa sana. Siku ile, ikiwa imebaki siku moja tu kabla ya uhuru, Ubelgiji na viongozi wetu wapya walitia sahihi mkataba wa urafiki na usaidizi. Ndani yake askari wa Ubelgiji wangeendelea kukaa kwenye kambi mbili kubwa: Kamina kule Katanga, na Kitona karibu na bahari. Habari za kambi zenyewe zingepangwa kwa mapatano mengine, baadaye. "Baadaye" hiyo haikufika.

Mkataba ule ulikuwa na sharti moja la maana sana: askari wa Ubelgiji waliokuwa kwenye kambi hizo wasingeweza kuingia kazini ndani ya Kongo pasipo waziri wa ulinzi wa Kongo kuwaomba waziwazi. Waziri huyo alikuwa Patrice Lumumba mwenyewe, aliyekuwa pia waziri mkuu.

Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique wakaasi. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji wakaingia Elisabethville, ile tunayoita leo Lubumbashi, pasipo Lumumba kuwaomba. Kesho yake, tarehe 11, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Na ule mkataba? Bunge la Kongo halikuuidhinisha hata siku moja. Askari walikuwa wanakaa na kutembea ndani ya inchi yetu juu ya karatasi ambayo wawakilishi wa raia hawakuipigia kura.

Hapo tunapata somo la kwanza. Sharti zuri kwenye karatasi halilindi mtu, kama hakuna mwenye nguvu ya kusema "mmevunja, tokeni". Na nguvu hiyo inaanza na hesabu: askari elfu moja wakivunja mkataba ni jambo moja, askari elfu kumi ni jambo lingine.

Gharama ya kwanza ya ONU

Baada ya hapo ONU wakaja, Julai 1960. Kundi lao liliitwa ONUC. Wakati walikuwa wengi zaidi walifika karibu askari 20,000. Walikaa mpaka tarehe 30 Juni 1964, na kazi yote ilikula dola milioni 400 hivi, feza za wakati ule.

Nani alilipa? Hapo ugomvi ulikuwa mkubwa. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walikataa kulipa sehemu yao. ONU ilikaribia kufilisika juu ya Kongo, mpaka ikauza hati za mkopo ili ipate feza. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ikaombwa kutoa maoni, na tarehe 20 Julai 1962 ikasema gharama zile ni gharama halali za ONU. Kwa hiyo, wandugu, ulizo la "nani analipa askari walio Kongo" liko na umri wa zaidi ya miaka 60. Lilishatikisa ONU nzima. Sisi wenyewe tu njo hatujaliuliza kwa sauti.

Leo tuko na MONUSCO. Tangu mwaka 1999, ikiitwa MONUC, mpaka 2010 ilipobadilisha jina, na mpaka sasa. Kwa miaka mingi bajeti yake ilipita dola bilioni moja kwa mwaka. Feza hizo hazitoki Kinshasa. Zinatoka kwa inchi zote wanamemba wa ONU, kila moja kwa kipimo chake. Zile zenye viti vya kudumu kwenye Baraza la Usalama zinalipa zaidi, na maskini kama sisi tunalipa kidogo sana. Inchi inayotuma askari inarudishiwa feza. Mwaka 2018 kipimo kilikuwa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na feza hiyo inalipwa kwa serikali yake.

Na hesabu ya askari, nani anaipanga? Baraza la Usalama, kule New York. Desemba 2023 walipiga kura ya azimio namba 2717: kipeo cha juu kilikuwa askari 13,500, kikashuka kuwa 11,500 tangu Julai 2024. Angalieni, karatasi ile iko wazi. Kila mtu mwenye simu anaweza kuisoma. Tunaweza kuikosoa MONUSCO juu ya mambo mengi, na tulifanya hivyo barabarani, lakini hesabu yake iliandikwa na bei yake iliandikwa.

Kuna gharama nyingine ambazo hazikuandikwa. Mwaka 2004 ONU wenyewe walichunguza kule Bunia wakakuta askari wao waliwatumia wasichana wadogo vibaya, kwa mayai au kwa dola chache. Askari aliyefanya kosa la jinai hahukumiwi na mahakama zetu, anahukumiwa kwao. Watoto waliozaliwa walibaki huku. Gharama hiyo hakuna bajeti iliyoibeba, ilibebwa na mama zao.

Na Julai 2022, hasira ilipolipuka Goma, Butembo na Uvira, watu zaidi ya 30 walikufa, raia pamoja na askari wa ONU. Tunawakumbuka. Kiisha mwaka 2023 serikali na MONUSCO wakatia sahihi mpango wa kuondoka kwa hatua tatu: kwanza Sud-Kivu, kiisha Nord-Kivu, kiisha Ituri. Kamanyola ilirudishwa tarehe 28 Februari 2024. Mwisho wa Juni 2024 Sud-Kivu ikawa imekwisha. Hatua ya pili ikakwama juu ya vita. Na Februari 2025 Bukavu ikaanguka. Hatusemi Bukavu ilianguka kwa sababu MONUSCO ilitoka. Tunasema kwamba kupunguza askari ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kujua nani anasimama kwenye fasi yao kesho asubuhi, na amelipwa mshahara wake au hajalipwa.

Majirani waliuliza, sisi je?

Novemba 2022, Kenya walipotaka kutuma askari kwetu katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, serikali yao ililazimika kwenda Bungeni. Katiba yao inataka hivyo. Wabunge wakaambiwa: askari 903, miezi sita, shilingi bilioni 4.45. Magazeti yakaandika, wananchi wakabishana kwenye redio, kama feza ile ni nyingi au kidogo, kama vijana wao watarudi.

Februari 2024, rais wa Afrika ya Kusini aliandikia Bunge lake juu ya kikosi cha SADC: askari 2,900, mpaka tarehe 15 Desemba 2024, kwa rand bilioni mbili na kidogo. Januari 2025, askari wao 14 walikufa kwenye mapigano ya Goma na Sake. Tunawalilia, walikufa kwenye udongo wetu. Familia zao zilikuwa na haki ya kuuliza, na waliuliza kwa nguvu: mlituma wangapi, na silaha gani, kwa feza gani? Mwezi wa tatu SADC ikafunga kazi ile.

Sasa turudi kwetu. Raia wa Nairobi alijua hesabu. Raia wa Cape Town alijua hesabu. Wewe unayekaa Kongo, ambako askari hao walikuja, mbunge wako alikuambia nini? Tunauliza tu.

Tena kuna wale ambao hakuna Baraza lolote liliwapigia kura. Mwishoni mwa Januari 2025 tuliona wazungu karibu 300, wengi wao Waromania, waliokuwa wanapigana upande wa serikali kule Goma. Walijisalimisha, wakapita mpaka kwenda Rwanda. Nani kati yetu alishaona mkataba wao? Nani alijua ni wangapi, kabla ya kuwaona kwenye simu wakipanda bisi? Wale hawakulipwa na ONU. Askari wetu wa FARDC, ambaye mke wake anakopa unga dukani, alikuwa anasimama kando yao. Tufikiri vizuri juu ya hilo.

Namna wengine wanavyobishana

Tutoke kidogo Kongo, twende Korea ya Kusini. Marekani iko na askari huko tangu vita vya mwaka 1950. Leo ni karibu 28,500. Mwanzoni mapatano yao yalikuwa mepesi: Korea inatoa udongo, Marekani inalipa mengine. Tangu mwaka 1991 Korea ilianza kuchangia feza, kwa mkataba wa pekee unaojadiliwa upya kila miaka kadhaa.

Mkataba wa mwaka 2019 ulikuwa wa mwaka mmoja tu, na Korea ilichangia won bilioni 1,038.9. Kiisha serikali ya rais Trump ikaomba dola karibu bilioni 5 kwa mwaka, yaani karibu mara tano. Wakorea wakakataa. Mwaka ukaisha pasipo mapatano. Tarehe 1 Aprili 2020 Wamarekani wakawarudisha nyumbani pasipo mshahara Wakorea karibu 4,000 waliokuwa wanafanya kazi ndani ya kambi: mafundi, wapishi, makarani. Hiyo ilikuwa shindikizo. Serikali ya Korea ilifanya nini? Ilitunga sheria ya haraka ya kuwalipa wafanyakazi hao wenyewe, ili tumbo la raia lisitumiwe kama fimbo. Ikaendelea kukataa ile bei.

Mwezi wa tatu 2021 wakapatana: won bilioni 1,183.3, nyongeza ya asilimia 13.9. Kutoka mara tano mpaka asilimia 13.9! Mwaka 2024 wakapatana tena: won bilioni 1,519.2 kwa mwaka 2026, nyongeza ya asilimia 8.3, na kila mwaka unaofuata nyongeza isipite asilimia 5, mpaka 2030. Bunge la Korea likaidhinisha Novemba 2024.

Tazameni vitu vinne ndani ya habari hii. Moja, bei imeandikwa, na ina kifuniko juu. Mbili, feza imegawanywa kwa mafungu yanayojulikana: mishahara ya wafanyakazi Wakorea, ujenzi, na vifaa na huduma. Sehemu kubwa inarudi kuzunguka ndani ya inchi. Tatu, Bunge linapiga kura, kwa hiyo mjumbe wa Korea akiwa mezani anaweza kusema: "Mimi ningekubali, lakini Bunge langu litakataa." Hiyo njo nguvu ya mtu anayebishana bei! Anayekuja peke yake na kalamu mfukoni hana mtu wa kumtupia lawama, anabanwa mpaka anatia sahihi. Nne, tarehe ya mwisho iko.

Msifikiri Wakorea wameponea kila jambo. Kambi kubwa ya Camp Humphreys, kule Pyeongtaek, ilikula zaidi ya dola bilioni 10, na sehemu kubwa sana ililipwa na Korea. Ili ipanuliwe, mwaka 2006 wakulima wa kijiji cha Daechuri walitolewa kwa nguvu mbele ya polisi na askari. Walipewa malipo, lakini kijiji hakiko tena. Kwa hiyo ukisikia kambi, uliza udongo ni wa nani.

Twende Ufilipino. Wamarekani walikuwa na kambi kubwa ya majini kule Subic Bay. Mwaka 1991 serikali ya Ufilipino ilitia sahihi mkataba mpya: miaka kumi, dola milioni 203 kwa mwaka. Kulikuwa na kazi za maelfu ya watu ndani ya kambi ile. Lakini mkataba ulipaswa kupita kwenye Seneti. Tarehe 16 Septemba 1991, maseneta 12 walisema hapana, 11 walisema ndiyo. Novemba 1992 Wamarekani wakawa wameondoka. Mtu anaweza kusema walikosea au walifanya vizuri, na wenyewe wanabishana mpaka leo. Lakini inchi maskini iliambia inchi yenye nguvu kuliko zote "hapana" kwa tofauti ya kura moja, na mbingu haikuanguka. Kitu kilichowauma kiisha ni hiki: mikataba ya zamani haikusema nani atasafisha sumu na uchafu uliobaki kwenye udongo. Kwa hiyo wageni walitoka, sumu ikabaki.

Na mwisho, jirani yetu wa Afrika, Djibouti. Inchi ndogo, watu karibu milioni moja. Wafaransa wako, Wamarekani wako, Wajapani, Waitalia, na tangu 2017 Wachina. Mwaka 2014 Marekani walipatana kulipa karibu dola milioni 63 kwa mwaka kwa kambi moja, Camp Lemonnier. Hapa mgeni njo analipa mwenyeji, kinyume cha Korea. Wengine watasema: basi hiyo njo tunataka! Polepole. Rais wa kule ni mmoja tangu 1999. Feza ya kupangisha inaingia, lakini raia akiuliza imekwenda wapi, anamuuliza nani? Feza ya kambi isiyopita mbele ya raia inalisha wale walio juu, na mgeni mwenye kambi hataki mwenye nyumba abadilike.

Wale wanaosema "waje tu"

Tunajua ndani ya chumba hiki kuna wandugu ambao hawakubaliani na sisi. Juma lililopita mmoja wetu, aliyekimbia vita na kupoteza watu wake, alituambia: "Ninyi mnahesabu feza, mimi nahesabu makaburi. Wakitaka kuja, waje, kwa bei yoyote. Mtu anayezama hamuulizi mwenye mtumbwi bei."

Hatukuwa na jibu la haraka. Maneno yake ni ya kweli, na hatutamdanganya kwa kusema kwamba karatasi inazuia risasi. Tunamwambia jambo moja tu. Sisi tumekuwa watu wa kuzama tangu 1996, na kila mara tulipanda mtumbwi bila kuuliza. Walikuja, wakaondoka, na sisi tuko bado ndani ya maji. Wanaokuja bila hesabu wanaondoka pia bila hesabu, usiku, siku wanapenda wao. Mkataba wenye idadi, wenye kazi iliyoandikwa na tarehe, unakupa wewe uliyepoteza ndugu haki ya kusimama na kusema: mlisema mtalinda barabara hii, na mko wapi?

Hatukatai kila mgeni. Tunakataa mgeni ambaye hakuna anayejua alikuja kwa mkataba gani. Na kazi ya kulinda inchi hii, kwanza na mwisho, ni ya jeshi letu wenyewe, jeshi linalokula, linalolipwa, lenye wakubwa wasioiba mshahara wa wadogo. Franga moja inayopewa mgeni, kabla ya kumlipa askari wetu, ni franga ya aibu.

Katiba inasema nini

Hatuombi kitu kipya. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 213, inasema Rais njo anajadili na kuidhinisha mikataba ya kimataifa. Lakini kifungu cha 214 kinasema mikataba ya amani, ile inayogusa feza za serikali, ile inayobadilisha sheria, haiwezi kuidhinishwa ila kwa njia ya sheria, maana yake kwa kura ya Bunge. Na hata yale mapatano madogo ambayo serikali inafanya yenyewe, inapaswa kuyapeleka kwa Baraza la Taifa na Seneti wayajue.

Sasa kambi ya kigeni ikilipwa kwa feza, inagusa feza za serikali. Ikilipwa kwa madini, kwa kodi iliyosamehewa, kwa udongo uliotolewa bure, hiyo pia ni feza yetu, imevaa tu nguo nyingine. Kusiwe na mtu wa kutuambia "hakuna franga iliyotoka, kwa hiyo Bunge haliko na neno". Madini yanayotolewa njo bei yenyewe.

Maulizo saba tunayoyabeba

Tunaomba kila mwanamemba ayaandike, ayaweke kwenye simu, amuulize mbunge wake, seneta wake, na kila mgombea atakayekuja kuomba kura na fulana na mifuko ya chumvi:

1. Ni askari wangapi, na nani ana ruhusa ya kuongeza hesabu hiyo?
2. Nani analipa, ngapi kwa mwaka, na kwa njia gani: feza, madini, kodi au udongo?
3. Feza ikiongezeka, kifuniko chake ni wapi?
4. Udongo wa kambi ni wa nani, na waliokuwa wanalima pale watalipwa nini, kabla ya kutolewa?
5. Askari akiua au akinajisi, nani anamhukumu, na mtoto aliyezaliwa atatunzwa na nani?
6. Wanaondoka lini, nani anashika fasi yao siku ile, na nani anasafisha wanachoacha?
7. Mkataba umepita Bungeni kwa sheria, na uko kwenye gazeti la serikali ambapo raia anaweza kuusoma?

Mbunge akishindwa kujibu hata moja, msimtukane. Mwandikeni jina lake na tarehe. Mwambieni mtarudi baada ya mwezi. Kiisha mrudi kweli, mkiwa wengi kuliko mara ya kwanza. Kwa amani, mikono mitupu, na karatasi. Tunajua wengine wetu walifungwa juu ya kuuliza mambo madogo kuliko haya. Kwa hiyo msiende peke yenu, na mwambieni mtu nyumbani mnakwenda wapi.

Turudi kwenye nyumba ya kupanga. Lile ulizo la mwisho, "huyu njo mwenye nyumba kweli?", mgeni yeyote anayekuja na mkataba anapaswa kuliuliza pia, kwa faida yake mwenyewe. Mkataba wa 1960 ulitiwa sahihi na watu ambao Bunge lao halikupiga kura, na haukudumu hata mwezi mmoja. Wanaotia sahihi Kinshasa wamepewa tu funguo za kushika kwa muda. Wenye nyumba ni wakaaji wa inchi hii: yule mama wa soko, yule mchimbaji, yule mwanafunzi anayesoma kwa mwanga wa simu, ninyi mlioketi hapa kwenye viti vya plastiki.

Basi tufanye kama wenye nyumba. Tuulize.

Sasa tunafungua maulizo, na tunaomba wadada waanze, maana kikao kilichopita wakaka walimaliza saa nzima peke yao.